Kuuziwa jua Tanga

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba, chini ya mwarobaini. Wanaokaa hapo ni wanaume wa miaka hamsini kwenda juu, tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Zamani mazungumzo yalikuwa Coastal Union na bei ya mkonge. Siku hizi ni nani kaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo.

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, alipita kijana nadhifu mwenye mkoba begani. Akaamkia, "Shikamooni wazee wangu," akaitikiwa, akaombwa akae, akanunuliwa kahawa na kashata. Kisha akafungua mkoba, akatoa chupa za vidonge vya vitamini D. Watafiti wa Ulaya na Marekani, alisema, wamegundua kwamba wanaougua saratani ya tezi dume wana vitamini D ndogo mwilini. Basi anayemeza vidonge hivi anajikinga, na aliyekwisha anza kusumbuliwa na mkojo atapona bila kupasuliwa na bila "kile kipimo cha kidole". Hapo wazee wakacheka, na kwenye kucheka huko ndiko biashara ilikofungwa. Chupa moja ilizidi nauli ya basi kwenda Dar es Salaam na kurudi. Baba yangu mdogo alinunua mbili.

Nilikuwepo, nikanyamaza. Sehemu ya aliyoyasema kijana ilikuwa kweli, na maneno ya namna hiyo ni magumu kuyapinga kijiweni kuliko uongo mtupu. Ninayoandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Hoja yenyewe ina asili ya heshima. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Gary Schwartz na Barbara Hulka, waliangalia mambo matatu yaliyokuwa yakijulikana kuhusu saratani hii nchini kwao: huwapata wazee, huwapata Wamarekani weusi zaidi ya weupe, na huua zaidi kaskazini mwa nchi kuliko kusini. Wakajiuliza makundi hayo yanakutana wapi. Ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana. Ngozi nyeusi huchuja ile miale ya jua inayoitengeneza. Na kaskazini, miezi ya baridi, jua hupita chini mno hata miale hiyo haifiki. Wakasema kinachowaunganisha huenda ni upungufu wa vitamini D. Baadaye maabara zikatia nguvu wazo hilo. Ilionekana kwamba seli za tezi dume zina vipokezi vya vitamini D, na kwamba zina hata uwezo wa kuigeuza kuwa homoni kamili, kazi iliyodhaniwa kuwa ya figo peke yake. Seli za saratani zikimwagiwa homoni hiyo kwenye kisahani cha maabara, hupunguza kasi ya kuzaliana.

Nikiri kwamba nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza niliipenda. Imekaa vizuri, na inaeleza mengi kwa jambo moja. Kasoro yake unaiona ukiileta huku kwetu.

Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Hata Juni, kusi likivuma na watu wakitoa masweta kabatini, jua la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Kama jua lingekuwa ngao, wanaume wa pwani hii wangeisikia saratani ya tezi dume redioni tu. Lakini katika hesabu za kimataifa za saratani, ziitwazo GLOBOCAN, ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Mwaka 2022 dunia nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya karibu 1,470,000 na vifo karibu 397,000, na viwango vikubwa kabisa vya vifo viko visiwa vya Karibi na Afrika kusini mwa Sahara. Barbados na Jamaica hazina uhaba wa jua.

Muuzaji aliyeiva angenijibu: sawa, jua lipo, lakini ngozi yetu nyeusi inalizuia. Jibu hilo lina uzito, maana ni kweli kwamba rangi ya ngozi hupunguza kasi ya kutengeneza vitamini D. Ila limeshapimwa, tena hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Ili msomaji aone ukubwa wake: wataalamu wengi wanaridhika na 50 kwa afya ya mifupa. (Maabara nyingine huandika kwa nanogramu kwa mililita, zidisha namba hiyo kwa 2.5 ndipo ulinganishe. Nimemwona mtu akilia na 28 yake akidhani ni ya kipimo kile kingine.) Tena watu hao hawakuwa wakijianika. Walivaa nguo kiasi, walishinda nje, na jua kali walilikimbia kivulini kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili. Ngozi nyeusi ikikaa kwenye jua la kwao inatosheka. Shida huanza inapohamia Boston au London, na ndiko takwimu nyingi za upungufu kwa watu weusi zilikotoka.

Sisemi kwamba kila mwanamume wa Tanga anatosheka. Mvuvi wa Sahare au mkata mkonge simhofii hata kidogo. Namhofia karani anayetoka nyumbani kabla jua halijapanda na kurudi likiwa limezama, mlinzi wa usiku anayelala mchana, mzee aliyepooza na kukaa ndani mwaka mzima, na mwenye duka anayedhani kukaa nyuma ya dirisha la kioo kunamsaidia, ilhali kioo cha kawaida hupitisha joto na mwanga na kuizuia karibu yote ile miale inayohitajika.

Na hapa niingize lingine, maana linaniudhi. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba vitamini D ni ya "jua la asubuhi", lile la saa moja lisilounguza. Halina madhara, ila kwa vitamini D ni dogo sana. Jua likiwa chini, miale yake hupita kwenye hewa nene na ile tunayoitaka huishia njiani. Angalia kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi, ngozi haitengenezi cha maana, kikiwa kifupi kuliko wewe, inafanya kazi. Tanga kivuli huwa kifupi kuanzia karibu saa nne mpaka kukaribia saa tisa. Kutembea kwa mguu kutoka Chumbageni mpaka sokoni saa tano, mikono na uso vikiwa wazi, kukirudiwa siku kadhaa kwa wiki, kwa wengi wetu kunatosha. Chakula nacho kinaongezea kidogo: vibua, dagaa, samaki wenye mafuta. Mafuta ya ini la samaki ndiyo watoto wa Ulaya walinyweshwa karne iliyopita kuzuia matege. Mabaharia wetu walikuwa nayo tele, ila waliyaita sifa na kuyapaka majahazi ubao usioze. Harufu yake ukiijua, utaelewa kwa nini.

Turudi kwenye ile sehemu ya kweli, kwamba wagonjwa wanakutwa na vitamini D ndogo. Mwaka 2014 watafiti wa Chicago walieleza kuwa miongoni mwa wanaume waliokuwa wakitolewa vipande vya tezi kwa uchunguzi, wale wenye upungufu mkubwa walikutwa zaidi na saratani ya aina kali. Mimi utafiti huo siubezi. Swali ni nani alimtangulia mwenzake. Mtu anayeumwa hashindi juani. Ugonjwa wenyewe, kwa uvimbe unaouwasha mwilini, unaweza kushusha kiwango. Mtu mnene hukutwa na vitamini D ndogo kwenye damu, na unene huohuo umehusishwa na saratani kali ya tezi dume. Kiwango cha vitamini D ni kama kivuli tulichokipima sasa hivi, kinakueleza mtu yuko wapi na jua liko wapi. Ukikikata kwa panga, mwenye kivuli habadiliki.

Tena ukikusanya watu wengi, picha inageuka kwa namna ambayo muuzaji asingependa uione. Mwaka 2019 uchambuzi uliounganisha tafiti 19, wenye wagonjwa 13,462 na wanaume 20,261 wa kulinganishia, ulionyesha kuwa waliokuwa na vitamini D nyingi zaidi ndio waliogunduliwa saratani ya tezi dume zaidi, kwa takriban asilimia 22 kuliko wenye kiwango cha chini kabisa. Ongezeko hilo lilikuwa kwenye saratani zisizo kali. Kwenye zile kali hakukuwa na tofauti ya maana. Je, vitamini D inaleta saratani? Hapana, sidhani. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mwanamume anayetembea, anayekula vizuri na kumeza virutubisho ndiye huyohuyo anayekwenda kupimwa, na anayepimwa ndiye anayekutwa nayo. Ukiona namba inayoweza kusomwa pande zote mbili namna hii, usinunue kitu kwa sababu yake.

Njia ya kukata shauri ni kuwapa watu vidonge kwa kura na kusubiri. Hilo nalo limefanyika. Utafiti ulioitwa VITAL, ulioongozwa kutoka Boston, ulichukua Wamarekani 25,871, zaidi ya 5,000 kati yao wakiwa weusi. Nusu walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, nusu vidonge visivyo na kitu, na walifuatiliwa kwa miaka 5 na kidogo. Vitamini D haikupunguza idadi ya waliopata saratani. Kwa tezi dume peke yake kulikuwa na tofauti ndogo ya kuelekea kwenye nafuu, ya ukubwa ambao bahati tu ingeweza kuuleta. Wapo wanaosubiri uchambuzi zaidi, hasa kwa watu weusi, na wana haki ya kusubiri. Lakini kusubiri jibu hakufanani na kuuza chupa kijiweni.

Kuna anayesema: basi hata isipofaa, haitadhuru. Huyo namkumbusha vitamini E. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilianza jaribio kubwa, SELECT, la wanaume zaidi ya 35,000, kwa sababu dalili zote za awali zilisema vitamini E na madini ya seleni vitakinga tezi dume. Mwaka 2011 matokeo yalipochapishwa, waliopewa vitamini E peke yake walikuwa na saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17 kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu. Kitu kilichodhaniwa ngao kiliwazidishia. Vitamini D haijaonyesha hivyo, lakini nayo ina mpaka: kwa mtu mzima, zaidi ya yuniti 4,000 kwa siku bila daktari si mchezo. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu, ikaleta mawe kwenye figo, kiu, na kukojoa mara kwa mara. Mzee aliyenunua vidonge kwa sababu anaamka mara nne usiku anaweza kuamka mara sita, akaongeza dozi.

Kwa kweli hasara kubwa ya zile chupa mbili ni muda. Pwani hii tuna maradhi mengi ya sehemu hizo, na tumeyachanganya yote kwenye kapu moja. Mabusha na matende tumeishi nayo vizazi na vizazi. Kichocho cha mkojo kipo, hivyo mtu akikojoa damu hudhani ni kichocho cha utotoni kimerudi. Maumivu ya kinena huitwa ngiri, na ngiri ina mganga wake. Siku hizi kila mkojo unaosuasua unaitwa "tezi dume" kama vile ni ugonjwa, wakati tezi dume ni kiungo, kila mwanamume anacho, na kuvimba kwake ukubwani mara nyingi hakuna saratani ndani yake. Saratani mwanzoni huwa kimya kabisa. Mkojo ukianza kusumbua, uwezekano mkubwa ni uvimbe wa kawaida unaotibika kwa vidonge vya hospitali au upasuaji. Ila huwezi kujua ni upi kwa kukisia, na mwenye chupa mezani hana haraka ya kujua.

Kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuitafuta saratani hii, kina lawama zake, na nisizifiche. Hupanda kwa saratani, na hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida, kwa maambukizi, na kwa mtu aliyewekewa mpira wa mkojo. Hugundua saratani za polepole ambazo zisingemuua mtu, akaishia kupasuliwa bure. Ndiyo maana jopo la wataalamu wa kinga Marekani mwaka 2012 lilikipinga, na mwaka 2018 likalegeza likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuongea na daktari. Mashirika mengine huwashauri wanaume weusi, na waliopata mgonjwa wa saratani hii kwenye ukoo, waanze mazungumzo hayo mapema zaidi, karibu miaka 45. Hatari hii hurithiwa kweli. Kwenye kromosomu ya 8 kuna eneo linalobeba mabadiliko ya hatari, na baadhi ya mabadiliko hayo hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Hapo ndipo ningelitafutia jibu lile swali la Wamarekani weusi kabla ya kulilaumu jua. Kwa hiyo mtu wa kwetu ambaye baba au kaka yake aliugua ana sababu nzito ya kwenda hospitali ya Bombo kuliko ya kununua kidonge chochote.

Baba mdogo hakwenda. Alikuwa na maumivu ya kiuno, akasema ni baiskeli. Tanga baiskeli imeshasingiziwa mengi. Alimaliza chupa ya kwanza, akaanza ya pili, maumivu yakashuka pajani, na usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa. PSA yake ilikuwa imevuka mia. Kipande cha nyama kilipotolewa na picha za mifupa zilipopigwa, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo, maana ndiko saratani ya tezi dume hupenda kukimbilia.

Na hapa ndipo habari ya vitamini D inapokuwa ya kweli, mahali ambapo yule kijana hakupagusa. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, kwa hiyo matibabu makuu ikishasambaa ni kuikata homoni hiyo, kwa sindano za mara kwa mara au kwa kuondoa korodani. Baba mdogo alichagua kuondoa, mara moja, kwa sababu sindano zina gharama isiyokwisha. Homoni ikiondoka, saratani hurudi nyuma, mara nyingi kwa kishindo. Alianza kutembea tena ndani ya wiki chache. Lakini homoni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda mifupa yake, na bila hiyo mifupa hupungua uzito mwaka hadi mwaka, mpaka kujikwaa mlangoni kunatosha kuvunja nyonga. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kalsiamu na vitamini D ya kutosha, tena akipewa zile dawa nyingine za kuimarisha mifupa bila ya vitamini D kukaa sawa kwanza, kalsiamu ya damu inaweza kuporomoka kwa hatari. Kwake vitamini D haipigani na saratani hata kidogo. Inatengeneza uharibifu unaoachwa na tiba.

Daktari akamwandikia. Akatoka na karatasi, akaenda dirisha la dawa, akarudi nyumbani na kikopo kidogo cha bei ya kawaida, kina kitu kilekile kilichokuwa kwenye zile chupa mbili.

Ijumaa iliyofuata alirudi kijiweni kwa fimbo, akapokewa kwa shangwe, akaulizwa dawa gani anatumia. Akataja kalsiamu na vitamini D. Mzee aliyekaa karibu naye akanigeukia akapiga paja: "Unaona sasa, mwanangu? Si ndiyo ileile aliyoileta yule kijana? Sisi tulichelewa tu kununua!"

Nikaagiza kahawa nyingine, nikaanza upya.